Binti, picha ya bure ina bei yake

Msomaji mpendwa, ukipata nafasi Jumapili alasiri, ingia katika bustani ya Arboretum hapa Nairobi na utembee polepole. Hutakosa kuona vijana wanne au watano wamemzingira msichana mmoja aliyesimama chini ya mti. Mmoja ameshika kamera, mwingine ameinua kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, wa tatu anamrekebishia msichana huyo nywele, na wa nne amebeba mfuko uliojaa nguo na viatu vya kubadilisha. Usidhani ni harusi. Usidhani pia kwamba kuna kampuni tajiri iliyowatuma. Mara nyingi hapo hakuna hata mmoja anayelipwa. Wote wamekuja kufanya kile ambacho vijana wenyewe hukiita kolabo.

Kolabo ni makubaliano ya kubadilishana kazi. Mwanamitindo hutoa sura yake, muda wake na ustadi wake wa kusimama mbele ya kamera. Mpiga picha hutoa kamera na ujuzi wake. Mbunifu wa mavazi huleta nguo, naye mpambaji huleta vipodozi. Jioni kila mtu huenda zake bila kupokea hata senti, na baada ya siku chache wote hugawana picha, kila mmoja akazionyeshe kwa watu wanaoweza kumpa kazi ya malipo.

Nimeandika habari za mitindo na mavazi kwa miaka kadhaa, na wengi wa wanamitindo niliowahoji waliniambia kwamba walianza kwa kazi za aina hii. Kwa hivyo makala haya hayaji kuwaambia mabinti na vijana wa kiume wakae mbali na kolabo. La hasha! Mwanamitindo asiye na picha ni sawa na seremala anayetafuta kazi bila hata kigoda kimoja cha kuonyesha. Ninalotaka tuzungumze ni jambo moja tu, nalo ni kwamba kolabo ni biashara. Neno "bure" ndilo linalotudanganya. Kwa kuwa hakuna pesa zinazopita mkononi, watu huona haya kuulizana maswali ambayo wangeulizana bila wasiwasi wowote wakati wa kununua kuku sokoni.

Bango la Barabara ya Jogoo

Nina sababu ya kulisema hili. Binti ya kaka yangu ana umri wa miaka 20, anasomea uhasibu katika chuo kimoja jijini, na kwa urefu anawapita wanaume wengi wa ukoo wetu. Ni mweusi tititi, weusi alioupata kwa nyanya yake, na weusi huo ndio unaowafanya watu wageuke njiani kumtazama mara ya pili.

Mwaka juzi mpiga picha mmoja alimwandikia kwenye simu akimwomba wafanye kolabo. Msichana wetu alijiandaa kwa hamu kubwa. Alisuka nywele kwa Sh1,500 kutoka kwa pesa zake za matumizi, akalipa nauli ya matatu kwenda na kurudi, akakosa chakula cha mchana na kusimama juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Alikuwa ameahidiwa picha 20. Baada ya wiki tatu alipokea nne. Hakulalamika, maana hizo nne zilikuwa nzuri kwelikweli, na kila mmoja wetu nyumbani alizisifu.

Miezi mitano baadaye mamake alikuwa ndani ya matatu katika Barabara ya Jogoo, nalo gari likakwama kwenye msongamano kama ilivyo desturi. Alipotupa macho dirishani aliona bango kubwa mbele ya duka la vipodozi. Kwenye bango hilo kulikuwa na nyuso mbili za msichana mmoja. Chini ya uso wa kwanza, ule mweusi, paliandikwa "KABLA". Chini ya uso wa pili, ambao kompyuta ilikuwa imeupausha hadi ukawa na rangi ya chai ya maziwa, paliandikwa "BAADA". Msichana huyo alikuwa binti yake wa kumzaa, akitangaza krimu ya kung'arisha ngozi ambayo hajawahi hata kuigusa.

Alinipigia simu kabla ya matatu hiyo kusonga.

"Wifi," aliniuliza huku sauti ikitetemeka, "kwani huyu mtoto ana kasoro gani mwilini hata atuaibishe namna hii?"

Usiku huo nyumbani kwao hapakukalika. Kaka yangu, ambaye weusi wa binti huyo ni weusi wa mama yake mzazi, hakusema naye kwa muda wa wiki nzima. Kanisani akina mama walimvuta kando wakitaka kujua krimu hiyo huuzwa pesa ngapi na kama kweli inafanya kazi. Chuoni wenzake walianza kumwita "Kabla". Ijumaa alikuja kwangu akiwa na macho mekundu.

"Shangazi, mimi sikuambiwa," alisema. "Nilijua ni picha za kolabo tu."

Nilimwuliza kama walikuwa wameandikiana jambo lolote. Akanipa simu yake nisome. Ujumbe wote ulihusu mahali pa kukutana, rangi za nguo na saa ya kufika. Hapakuwa na hata mstari mmoja uliosema picha hizo zingetumiwa wapi, na nani, wala kwa kazi gani.

Tulimtafuta mpiga picha huyo tukampata. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na tapeli. Badala yake nilikutana na kijana wa miaka 24 anayefanya kazi kwa kamera ya kukodi, ambaye mwisho wa mwezi ulimkuta hana kodi ya nyumba, mwenye duka akamtokea na pesa taslimu, naye akamuuzia picha mbili. Hakutuonyesha dharau yoyote. Alitutazama kwa mshangao na kusema, "Lakini mama, picha ni zangu. Mimi ndiye niliyezipiga."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku hiyo, kwa sababu, msomaji, kijana huyo hakuwa amekosea kabisa, wala hakuwa amesema kweli yote.

Picha ni yake, sura ni yako

Tuanze na sehemu aliyosema kweli. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamtambua yule aliyeipanga na kuitunga picha kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Katika kolabo hakuna aliyemwajiri mwenzake wala aliyeagiza kazi kwa malipo, na hivyo basi hakimiliki huanzia mikononi mwa mpiga picha. Haki hiyo hudumu kwa miaka 50. Akitaka kukuhamishia, sheria inadai jambo hilo liandikwe na yeye atie sahihi. Ahadi ya mdomo, hata iwe imetolewa mbele ya mashahidi kumi, haihamishi hakimiliki.

Ndiyo sababu mwanamitindo anaweza kujipata taabani kwa kutumia picha ya uso wake mwenyewe. Mwaka wa 2019 mwanamitindo mashuhuri wa Marekani, Emily Ratajkowski, alishtakiwa na mpiga picha kwa kuweka kwenye ukurasa wake wa Instagram picha aliyopigwa na mtu huyo akiwa njiani. Aliyeonekana pichani alikuwa yeye, maua aliyobeba yalikuwa yake, lakini picha ilikuwa ya mtu mwingine.

Sasa tuje kwa sehemu ambayo kijana wetu hakuijua. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inachukulia picha inayomtambulisha mtu kuwa sehemu ya habari zake za kibinafsi, na inakataza habari kama hizo zisitumiwe kibiashara bila idhini yake ya wazi, ila pale ambapo sheria nyingine imeruhusu. Hayo si maneno ya vitabuni tu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huohuo shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi.

Basi mambo yako hivi. Mpiga picha ana picha, mwanamitindo ana sura. Mpiga picha hawezi kuiuza sura yako kwa mwenye krimu bila wewe kukubali, nawe huwezi kuichukua picha yake ukampe mwenye duka la nguo bila yeye kukubali. Kila mmoja ameshika ufunguo mmoja wa mlango wenye kufuli mbili. Kinachohitajika ni kuelewana, na wakati wa kuelewana ni kabla kamera haijalia. Kabla ya picha, wewe ni mtu anayehitajiwa. Baada ya picha, umebaki mtu wa kuomba.

Katika kisa chetu, mwenye duka alipoelezwa sheria hiyo aliliteremsha bango siku ya tatu. Hakulipa chochote. Na ingawa bango liliondoka ukutani, kuna watu waliokuwa wamelipiga picha kwa simu zao na kuisambaza, na mpaka leo sura ile iliyopauka bado inazunguka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Msichana aliyetaja bei kwanza

Wasichana wengi huniambia kwamba wanaogopa kuuliza maswali, wasije wakaonekana wenye maringo na kuinyima riziki yao nafasi. Nami huwasimulia habari za mwanafunzi mmoja wa hapa hapa Nairobi.

Mwaka wa 1975, mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Beard alimwona msichana mmoja katika barabara za jiji hili. Msichana huyo alikuwa Msomali, mzaliwa wa Mogadishu, binti wa mwanabalozi, na alikuwa akisomea siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Beard alimwomba ampige picha. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ambayo ameyarudia mara nyingi, msichana huyo alimjibu kwamba angekubali ikiwa atalipiwa karo yake ya chuo, ambayo ilikuwa dola 8,000. Hebu fikiria! Hakuwa na picha hata moja ya kuonyesha, hakuwa na wakala, wala hakuwa amewahi kuvaa viatu vya jukwaani. Alikuwa na swali moja tu, naye aliliuliza kabla ya kamera kufunguliwa. Beard alilipa. Msichana huyo ndiye Iman, ambaye mwaka uliofuata alikuwa akionekana katika jarida la Vogue, na ambaye mwaka wa 1994 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi nyeusi.

Lakini kisa hicho kina funzo la pili ambalo watu hulisahau. Iman alikuwa ameafikiana na Beard kuhusu pesa. Hawakuwa wameafikiana kuhusu hadithi. Alipofika Marekani alikuta magazeti yakimweleza kuwa mchungaji wa mifugo aliyeokotwa nyikani, mtu asiyejua hata Kiingereza. Hadithi hiyo ilitoka kwa Beard, aliyeona kwamba ingewavutia Wamarekani. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyezungumza lugha tano alilazimika kuwaeleza waandishi wa habari kwamba hakuwahi kuchunga mbuzi.

Ndiyo maana nasema kwamba pesa, au picha zinazosimama mahali pa pesa, ni nusu tu ya mapatano. Nusu ya pili ni maneno yatakayowekwa kando ya uso wako. Binti ya kaka yangu hakuharibiwa jina na kamera. Aliharibiwa jina na neno moja lenye herufi tano.

Maswali ya kuuliza

Kwa hivyo, ewe binti, nawe kijana wa kiume unayetaka kuingia katika kazi hii, mtu akikualika kwenye kolabo, mshukuru kwanza, kisha uulize.

Uliza picha hizi ni za nini na zitaonekana wapi. Kuna tofauti kubwa kati ya picha za kuonyesha kazi na picha za kutangaza bidhaa. Sema wazi kwamba unakubali hizo za kwanza, na kwamba mtu akitaka kuziuza kwa tangazo lolote arudi kwako mpatane upya, kwa malipo. Kama kuna mambo ambayo hutaki sura yako ihusishwe nayo, iwe pombe, kamari, siasa au krimu za ngozi, yataje mapema. Mwanamitindo Ajuma Nasenyana, mzaliwa wa Turkana aliyepanda majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, amewahi kulaani hadharani mtindo wa kujichubua ngozi, na bado kazi hakukosa.

Uliza ni akina nani watakaokuwepo na mtakutana wapi. Mahali pa wazi au studio inayojulikana ni salama kuliko chumba cha hoteli au nyumba ya mtu binafsi. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Nenda na mwenzako. Mpiga picha wa kweli hana sababu ya kumkataza dada au rafiki yako asikae pembeni, almradi asiingilie kazi. Akisisitiza uje peke yako, huna haja ya swali lingine. Baki nyumbani.

Uliza utavaa nini na utabadilishia nguo wapi. Nguo zikubaliwe kabla ya siku yenyewe. Neno la kuogopwa katika kazi hii ni lile linalotamkwa saa tisa alasiri, wakati umechoka na watu sita wanakutazama, eti "hebu teremsha kidogo tu bega la pili". Likubali ikiwa mlilikubali jana. Kama hamkulizungumza jana, leo jibu ni la, na huhitaji kutoa sababu.

Uliza utapata picha ngapi, lini, na nani atakayezichagua. Sema kwamba unazitaka zikiwa kamili, za kuweza kuchapishwa, na si zile ndogo za kutazamwa kwenye simu zenye jina la studio katikati ya paji la uso. Uliza pia watazirekebisha namna gani. Kuondoa chunusi ni jambo la kawaida. Kubadilisha rangi ya ngozi au umbo la mwili ni jambo la kuombewa ruhusa. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo ambamo mwili wa mwanamitindo umefanywa mwembamba au mnene kwa kompyuta ni lazima iandikwe kwamba imerekebishwa.

Siku hizi kuna swali ambalo sisi tulioanza kuandika habari hizi zamani hatukulifikiria. Uliza kama picha zako zitaingizwa katika programu za akili mnemba. Kwa picha chache tu, kompyuta inaweza kutengeneza mfano wako ukavaa nguo usizowahi kuziona na kusimama mahali usipowahi kufika. Katika jimbo la New York, sheria ya wafanyakazi wa mitindo iliyotiwa sahihi mwaka wa 2024 na kuanza kutumika Juni 2025 inataka mwanamitindo atoe idhini ya maandishi kabla ya mfano kama huo kutengenezwa, na idhini hiyo itaje kazi yake, muda wake na malipo yake. Wewe hapa Nairobi unaweza kuandika sentensi moja tu, "Picha zangu zisitumiwe kutengeneza picha nyingine kwa akili mnemba," nayo itakuwa imesema mengi.

Hatimaye, uliza kama kuna yeyote anayelipwa. Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi. Kolabo ni ya watu walio sawa. Ikiwa mpiga picha, mbunifu, mpambaji na mwanamitindo wote wanajitolea, hiyo ni kolabo. Ikiwa kuna kampuni iliyotoa pesa, na kila mtu ana fungu lake isipokuwa yule ambaye uso wake utaonekana, hiyo ni kazi ya kawaida ambayo wewe peke yako umenyimwa mshahara. Usikubali kuambiwa kwamba utalipwa kwa kujulikana. Mwenye nyumba hapokei kujulikana mwisho wa mwezi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkishaelewana, andikeni. Huhitaji wakili wala karatasi yenye mhuri. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kwa kuanzia, kwa sababu rekodi za kielektroniki hukubaliwa mahakamani zikitimiza masharti ya Sheria ya Ushahidi. Andika hivi kwa lugha yako mwenyewe:

"Habari. Nathibitisha kolabo yetu ya Jumamosi. Hakuna anayelipwa. Nitapata picha 10 kamili katika muda wa wiki mbili. Sote tunaweza kuzionyesha kwenye kurasa zetu tukitajana majina. Picha zisiuzwe wala kutumiwa kwa tangazo bila mimi kukubali kwa maandishi. Rangi ya ngozi yangu isibadilishwe. Nitakuja na dada yangu. Tafadhali nijibu kama umekubali."

Hifadhi jibu lake. Ukipewa fomu ya idhini uitie sahihi, isome mstari kwa mstari. Ukiona maneno yanayosema kwamba picha zaweza kutumiwa kwa jambo lolote, mahali popote na milele, kata mstari huo kwa kalamu mbele ya mwenzako, au omba siku moja ukaisome na mtu mzima. Mkataba unaokosa subira ya siku moja hauna nia njema.

Na endapo mambo yataharibika licha ya hayo yote, usinyamaze kwa aibu. Mwandikie mwenye kosa, mtajie siku na mahali ulipoiona picha, umtake aiondoe. Akikataa, peleka malalamishi kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inatakiwa kuyachunguza na kuyakamilisha katika muda wa siku 90.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Mpiga picha naye ametumia nauli, amekodi kamera, na atakesha usiku akizirekebisha picha hizo. Ukikubali kolabo, fika kwa wakati. Usighairi asubuhi ya siku yenyewe kwa kuwa umepata mwaliko mwingine. Usikate jina lake kwenye picha, wala usiimwagie rangi za programu za simu hadi kazi yake isitambulike. Jiji hili ni dogo kuliko tunavyodhani, na watu wa mitindo hupashana habari upesi.

Kwenu wazazi, nina neno moja. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa idhini hii peke yake. Idhini ni yenu, na mnapaswa kuitoa mkiwa mmeelewa, si kwa kutia sahihi jikoni huku mkikoroga ugali. Jihadharini na wale wanaojiita mawakala na kudai maelfu ya pesa za kujiandikisha. Wakala wa kweli hupata fungu lake kutokana na kazi anayomtafutia mwanamitindo. Na msikimbilie kukataza. Msichana aliyekatazwa huenda kwa siri, na anayeenda kwa siri huenda bila dada wa kukaa pembeni. Heri umsindikize, ukae chini ya mti na gazeti lako, umsubiri.

Binti ya kaka yangu hakuiacha kazi hii, ingawa babake alitamani aiache. Tangu wakati ule amefanya kolabo kadhaa, na kila mara hutuma ujumbe wake kwanza. Wengi hujibu kwamba hawana tatizo. Mmoja aliusoma na hakujibu kamwe. Nilimwuliza kama hilo lilimsikitisha.

"Shangazi," aliniambia, "huyo naye amenijibu."

Kuuliza si ujinga, msomaji, na katika kazi hii si ukosefu wa adabu pia. Uliza mapema, andika mliyokubaliana, ndipo uinue kichwa na kuitazama kamera.